Bomba la Pili

Mtaani mdogo wangu wanamwita Miguu Mitatu, kwa sababu ya ile mashine yake ya leza inayosimama kwa miguu mitatu. Kazi yake ni kupima mitaro ya maji na umeme kabla haijafukiwa. Mashine inazungusha kichwa na kutupa mwale, na kila unapogonga inaweka nukta. Nukta zikijaa unapata picha ya mtaro mzima, bomba hapa, waya pale, ili atakayechimba baadaye asipapase kama kipofu. Mimi wa darasa la saba nimeelewa. Mume wangu hajaelewa, maana hasikilizi.

Yeye ni dereva wa kijiko, lile dude la kuchimbia. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za buti huku anajigamba mbele ya mdogo wangu, aliyekuwa anakunywa chai.

"Shemeji, leo tunafuata picha yako. Kule sokoni bomba linavuja, maji yanatoka chini. Tunalipita la juu, tunashuka mpaka la chini."

"La chini lipi?"

"Si lile la pili? Picha si yako?"

Akatoka. Miguu Mitatu akabaki na kikombe hewani, kisha akafungua kompyuta akaikodolea macho. Mimi nashona sebuleni, na kioo changu cha wateja kilikuwa kimeng'oka msumari, nimekilaza sakafuni kando ya meza. Akainuka, akasimama akikitazama. Futi ya kupimia ilining'inia mezani, na ndani ya kioo ilikuwepo nyingine, ikishuka chini.

"Usinikanyagie kioo."

"Dada, bomba la pili halipo."

"Halipo vipi na limechorwa?"

"Siku ile mvua ilinyesha, mtaro ulikuwa na maji. Leza iligonga maji ikaruka, ikalipata bomba la juu, mashine ikadhani kuna jingine chini. Ni lile lile, kama futi yako." Akaitia kompyuta kwenye begi la mgongoni. "Na kilichozama hakikuonekana. Watu wa umeme waliniambia waya wao mkubwa umelala humo. Nilitaka nirudi maji yakikauka. Kurudi, nikakuta wameshafukia."

Nikapiga simu. Inaita tu. Yule akishawasha kijiko chake, hata radi haisikii. Ya nyapara wao haipatikani.

Tukatoka mbio, mimi na pini za mteja kifuani, ndala moja nikaiacha njiani.

"Ukisema picha ni mbovu, kazi yako je?"

"Kazi utaniuliza kesho. Kimbia, dada!"

Tulikuta kijiko kimeinama ubavuni mwa bomba, meno yakiwa ndani ya udongo. Miguu Mitatu akaruka hadi ukingoni akipunga mikono kama anafukuza ndege. Mngurumo ukakatika.

"Shemeji, unataka kufa?"

"Utakayekufa ni wewe! Usiguse kitu!"

Nyapara akaja amevimba. "Picha inasema kuna bomba chini. Na picha ni yako."

"Ni yangu, na ni mbovu. Nilipima wiki ya mvua, maji yakaidanganya leza. Waambie wakate umeme, halafu mchimbe kwa mikono."

Akanuna, lakini akapiga simu. Kungoja umeme ukatwe kulinizeesha. Wenye maduka walitutukana mpaka wakachoka, ndipo vibarua wakashuka na sepetu. Ikatoka tepe nyekundu ya onyo, kisha waya mweusi, mnene kama mkono wangu. Kati yake na jino la kijiko palikuwa na shibiri moja. Na bomba lililokuwa likivuja ni lile la juu, limepasuka tumboni.

Mume wangu alishuka akakaa kwenye kifusi. Nikamsogelea.

"Siku nyingine ukielezwa utasikiliza?"

"Nitasikiliza, mke wangu."

Muongo. Lakini nilimshika bega.

Nyapara alikuwa bado anautazama waya. "Wiki ile ya mvua ulipima mitaro mingine?"

"Mingi."

"Imeshachimbuliwa tena kwa picha zako?"

Miguu Mitatu aliitazama barabara, lami imetulia, watoto wa shule wanapita juu yake.

"Sijui," akasema. Akakaa kando ya shemeji yake, kompyuta mapajani, akafungua picha ya kwanza. Nikasimama upande wa jua, nimkinge aone vizuri.