Ukurasa Uliomngoja Mtu

Yule karani wa hoteli moja ya Diani, aliyekuwa na desturi ya kuniandikia barua fupi kunisahihisha makosa ya safu hii, alifariki wiki iliyopita Msambweni baada ya homa ya siku chache. Alikuwa mtu wa bara, na mwili umesafirishwa kwao. Hatukuwa marafiki. Nilimfahamu kwa sababu ya shajara ya hoteli aliyokuwa akiiweka kwenye mtandao wa kompyuta, jambo ambalo wengi wetu huku Kwale bado hatujalizoea.

Kila siku ilikuwa na ukurasa wake. Alipochoka kuutengeneza kwa mkono, aliiandikia kompyuta maagizo machache: kukipambazuka ifungue ukurasa mpya, iandike tarehe, iuhifadhi wa jana pamoja na wenzake, kisha ijaze saa ya maji kupwa, ili wageni wajue wakati wa kutembea hadi mwambani. Saa hiyo kompyuta iliipata kwa kuongeza dakika zilezile juu ya saa ya jana. "Hata nikilala, siku inajiandika," aliniambia asubuhi moja nilipomtembelea ofisini kwake. Yeyote aliyekulia pwani angemweleza kwamba maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanayosogea kidogo tu, hayachelewi sawasawa. Hakuwa ameuliza.

Asubuhi hiyohiyo mlango ulifunguliwa. Aliingia mzee wa kijiji cha Bongwe, mwongozaji wa wageni, kanzu ikichuruzika maji. Wageni wawili walikuwa wameufuata ukurasa bila kumngoja, bahari ikajaa wakiwa kule mwambani, naye akawatoa kwa shida.

"Shikamoo, mzee," karani alisema.

"Marahaba, bwana kompyuta. Hiyo mashine yako imewahi kulowa?"

"Bado, mzee."

"Basi leo tumelowa sisi kwa niaba yake."

Siku hiyohiyo karani aliyabadilisha maagizo. Kompyuta ingeandaa ukurasa kama kawaida, lakini wageni wasingeuona mpaka mtu aliyeshuka ufukoni ajaze saa ya maji na jina lake. Meneja alilalamika kwamba kurasa zinachelewa. "Na zichelewe," karani alimjibu.

Juzi nilipita hotelini kutoa pole. Nikaambiwa kwamba asubuhi iliyofuata kifo chake ukurasa ulijiandaa wenyewe, tarehe ipo, nafasi ya jina tupu. Ulikaa hivyo hadi karibu adhuhuri, ndipo yule mzee, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alipomwambia binti wa mapokezi: "Mwanangu, andika jina langu. Maji nimeyaona."

Mashine zitatuandalia mengi, nami sizilaumu. Safu hii pia nimeizoea kiasi kwamba mara nyingine huiandika bila kuinuka kitini. Ya leo nimeiandika baada ya kushuka ufukoni.