Meza Yangu ya Reli na Sakafu ya Mama Kerubo

Naanza na aibu yangu mwenyewe, ili msije mkaisikia kwa watu wengine. Mimi niliyepanga mabehewa ya treni kwa miaka thelathini na moja nilitengeneza reli ndogo ya mezani, nyumbani kwangu hapa Kisii, juu ya Masimba. Nikaweka behewa la kwanza, nikageuka kumwita mke wangu, Mama Kerubo, aje aone, na behewa likaondoka peke yake. Lilipita mwisho wa reli likaanguka ndani ya karai la chinsaga, mboga aliyokuwa amemaliza kuichambua.

Mama Kerubo alitazama karai, kisha akanitazama mimi. "Baba Kerubo, naona limefika stesheni."

Kosa lenyewe ni hili. Nilikata miguu minne ya meza sawasawa, nikaipima mara tatu, nikajisifu. Nikasahau kwamba fundi wa huku kwetu akimwaga sakafu ya simiti huiinamisha kidogo kuelekea mlangoni, ili maji ya deki yatoke yenyewe. Meza ya miguu sawa juu ya sakafu iliyoinama ni mlima tu wenye kitambaa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo ndilo somo nililofundishwa siku yangu ya kwanza kazini.

Siku hiyo niliripoti yadi ya Kisumu, nimemaliza kidato cha nne juzi tu, nimevaa koti la mjomba. Yadi ni uwanja wa reli nyingi ambako mabehewa hutenganishwa na kupangwa upya, kila moja liende safari yake. Anayefanya kazi hiyo anaitwa shanta. Anatembea kando ya treni, anamwashiria dreva kwa bendera, anafungua na kufunga minyororo inayoshikanisha mabehewa. Fomani wa Yadi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya honi.

"Umetoka wapi?"

"Kisii, mzee."

"Huko kuna tambarare?"

"Hakuna, mzee. Ni milima tu."

"Basi utaipenda yadi yangu, na hiyo ndiyo itakuwa shida yako."

Akachukua kikombe chake, akamwaga chai kidogo juu ya reli ambayo kwa macho yangu ilikuwa imelala kama rula. Chai ilisimama kama inayofikiri, halafu ikaanza kuteremka taratibu kuelekea upande wa ziwa.

"Umeona tambarare yako? Behewa likisimama linangoja tu usahau." Akanipa kabari, kipande cha mti kilichochongwa cha kuweka chini ya gurudumu. "Kwanza kabari, halafu breki, halafu ndiyo uende chooni."

Nilikaa kwake miaka sita. Kisha nikahamishiwa stesheni ndogo chini ya Stesheni Masta aliyependa kitabu cha ripoti kuliko treni zenyewe. Huko nilijifunza mwandiko mzuri na kusinzia nikiwa nimesimama. Cheo changu cha mwisho kilikuwa shanta mkuu katika saidingi ya kiwanda cha sukari. Saidingi ni reli ya pembeni inayoacha njia kuu na kuingia kiwandani. Yetu ilikuwa na matawi matatu: la ghala la magunia, la tangi la molasi, na la chokaa.

Nyinyi vijana mnadhani kazi hiyo ni kusukuma tu. Mwisho wa saidingi kulikuwa na kipande kifupi tulichokiita shingo, kinachotosha injini na mabehewa mawili, basi. Ukitaka behewa la nyuma litangulie, unavuta mawili shingoni, unageuza pointi, yaani ule ulimi wa reli unaochagua tawi, unayasukuma kando, unarudi kuchukua mengine. Ukikosea hatua moja, unarudia yote huku meneja wa kiwanda akikutazama dirishani.

Na nilikosea. Siku moja niliacha behewa la molasi bila kabari, kwa kuwa mahali palionekana tambarare, na njaa ilikuwa inaniuma. Likatembea mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, likapita ghala, nami nyuma yake na jiwe mkononi. Nilifaulu kulizuia hatua chache kabla ya lango. Msimamizi wa Saidingi, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliniambia maneno machache: "Leo limetembea. Likikimbia, sitakuja kwako, nitakwenda kwa mama ya mtu." Tangu siku hiyo sikuwahi kula kabla ya kuweka kabari.

Baada ya kustaafu nilipita pale. Reli zimeng'olewa, shingo imekuwa shamba la mtu, na vijana langoni hawakujua kama treni iliwahi kuingia. Nilirudi nyumbani nikihesabu matawi yake kwa vidole, nisije nikayasahau. Ndipo nikaamua kuijenga saidingi upya, kabla haijang'olewa kichwani mwangu pia.

Injini na reli nilizipata soko la Daraja Mbili, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba. Mabehewa nilichonga kwa mbao. Bomba la moshi la kiwanda ni jiwe la sabuni kutoka Tabaka. Pointi nazigeuza kwa spoku za baiskeli zinazotokeza pembeni mwa meza, na spoku nyingine nimeikunja ncha kuwa kulabu ya kutenganishia mabehewa, kama ile fimbo yetu ya kazini. Baada ya aibu ya karai niliweka vibao chini ya miguu ya upande wa mlangoni, nikapima kwa sahani ya maji mpaka yakatulia.

Shida ni kwamba chumba nilichoiweka meza ni stoo ya mahindi, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Mama Kerubo akatoa amri: nipange mabehewa matano kwa utaratibu atakaotaja yeye, bila kugusa behewa kwa mkono. Nikiweza, meza inabaki. Nikishindwa, inakwenda kuwa kuni. Mwamuzi akawa jirani yetu Omwenga, mfugaji ambaye hajawahi kupanda treni na hasemi kitu kwa upole hata kanisani.

"Molasi mbele," akasema Mama Kerubo, "chokaa katikati, magunia popote."

Nikaanza vizuri. Nikavuta mawili shingoni, nikageuza pointi, nikayaacha tawi la ghala. Kisha nikalifungua behewa la molasi kwa kulabu, nalo likaanza kwenda. Peke yake. Kuelekea mlangoni.

Mkono wangu ukainuka.

"Mkono, Omogaka!" Omwenga akafoka, akiniita mzee kwa Kikisii.

Nikaurudisha. Nilichungulia chini ya meza: vibao havipo!

"Nilipiga deki," akasema Mama Kerubo. "Ulitaka nideki nikizunguka treni?"

Behewa likazidi kushuka, nami nikaona meza yangu ikipasuliwa kwa shoka. Likafika mwisho wa reli, likagonga kitu kidogo, likasimama. Ni kipande cha njiti ya kiberiti nilichokigandisha pale kwa gundi, wala sikumbuki ni siku gani. Mkono wa shanta uliweka kabari wenyewe, bila kuniuliza.

Baada ya hapo nilijua mteremko uko wapi, na shanta akishajua mteremko, mteremko unamfanyia kazi. Injini ilishikilia, mabehewa yakashuka moja moja. Molasi mbele, chokaa katikati. Jasho lilinitoka kama niko Kisumu saa saba mchana, na nilikuwa na furaha ambayo pensheni hailipi.

Mama Kerubo alihesabu mabehewa kwa kidole, akatafuta kosa, akakosa. Akamgeukia mwamuzi. Omwenga alikuna kidevu, akaitazama meza, akanitazama mimi, kisha akasema:

"Mama Kerubo, mwachie hiyo meza, mahindi yakae chini yake. Mtu aliyelipwa miaka yote hiyo kusogeza vitu mbele na nyuma, ukimfukuza hapa atakuja kwangu kupanga ng'ombe."