Kompyuta Iliyojitoa Mtandaoni

Usiniambie ni joto la Kakuma lililonipanda kichwani. Ilikuwa mchana, nilikuwa mzima, na nilikuwa nimeshiba.

Mimi hutengeneza kompyuta Lodwar. Ekiru, meneja wa kituo kimoja cha mafunzo Kakuma, aliniita: kompyuta yake ya Linux ilikuwa ikiachia waifai ovyo. Nikazima ile tabia ya kadi ya waifai kusinzia ili kuokoa betri. Nikabadilisha dreva, ile programu inayoiendesha kadi. Nikasogeza ruta. Wapi! Simu za wengine zilishika mtandao vizuri. Yake tu inakata. Nikafungua kumbukumbu za mashine na, niamini, kila mara ziliandika jambo lile lile: kompyuta yenyewe ndiyo imeamua kujitoa. Nani aliiamuru?

Nikatoka kupunga upepo. Kwenye benchi chini ya dirisha alikaa mama mmoja, kitenge cha ndege wa manjano kimelowa hadi kiunoni. Mvua ilikuwa wapi?

"Ejok," nikamsalimu.

Akajibu kwa Kiswahili cha Kongo: "Dada, uache ile mashine. Nilikuwa nasema na mama yangu, anakufa kule Uvira. Huyu mwenye mashine akanikatia. Na yeye hatasikia mama yake."

Nikaingia kumuuliza Ekiru huyo ni nani. Nilipotaja kitenge, aliketi sakafuni.

"Furaha," akasema. "Alikuwa mwalimu hapa. Saa ya kufunga ilifika, nikazima mtandao akiwa kwa simu. Akalia, nikamfukuza. Akavuka laga, ule mto mkavu, kutafuta mtandao mjini, maji yakashuka ghafla. Dada, hiyo kitenge ndiyo tulimtoa nayo majini, ameshakufa."

Nikachungulia dirishani. Benchi tupu, linachuruzika maji.

Pale pale kompyuta ikalia. Ndugu yake Ekiru anapiga kutoka Kalokol: mama yao amezidiwa, anataka kumsemesha. Nikauona uso wa mama yake Ekiru kwenye kioo, midomo ikifunguka.

"Mama! Mama, unanisikia?"

Ikakata. Ekiru akashika simu yake, ikafa. Nikampa yangu, ikafa mkononi mwake. Nilipoichukua mimi, ikawaka. Na nje ya dirisha sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Sasa umejua."

Ekiru alipofika Kalokol, walikuwa wanasawazisha udongo wa kaburi la mama yake.

Ekiru aliacha kazi. Nasikia hadi leo hakuna simu inayomkubali. Akitafutwa, hutumwa mtu. Mimi Kakuma siendi tena, hata niitwe na nani. Na wewe unayeshika swichi ya mtandao wa watu, sikia: ukimkuta mtu anasema na mama yake, usimkatie. Mwache aagane naye.