Meno Yametoka, Bima Ikaishia Hapo

Leo nimemwambia daktari wa meno anirudishie meno yangu.

Sitanii.

Asubuhi nilikuwa na meno manne. Yaliuma, lakini yalikuwa yangu. Daktari, hapa mjini Wote, akasema yatoke yote ndipo niwekewe ya bandia. Nikakubali. Bima ya serikali ikalipia kung'oa bila maneno.

Kisha nikauliza, mdomo ukiwa bado na ganzi, nitapimwa lini meno mapya.

"Hayo bima hailipi, Mwalimu. Hayo ni ya mfukoni."

"Basi rudisha yangu!"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Hata Mwende, mke wa mwanangu aliyenipeleka, alicheka. Mimi sikucheka. Mbona hawakusema kabla sijafungua mdomo?

Sasa niungame, maana moyo wangu umechoka na sina muda mrefu.

Ninyi mlionikaribisha muthokoi nikasema nimeshiba, mkanuna mkidhani masomo yamenitia kiburi, nisameheni. Nilikuwa na njaa. Zile punje za mahindi na maharagwe zilinishinda kutafuna, na niliona aibu kusema.

Nilitaka nile sahani moja tu, vizuri, kabla sijaondoka duniani. Ndiyo maana nilikubali kung'olewa.

Kuna yeyote katika kundi hili aliyewahi kulipiwa na bima meno ya bandia? Niambieni.

Jioni hii Mwende amenipondea muthokoi mpaka ukawa uji. Nimekula vijiko viwili, nikamwambia nimeshiba.

Ameliacha bakuli mbele yangu.