Aliyemsindikiza Mteja Wangu

Mwenzangu wa kazini, mwanamke kijana aliye wakili kama mimi, alizaliwa Southall. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, Mpunjabi aliyekulia dukani Kisumu, akahamia London na lugha hiyo, akaitumia zaidi kwa kugombeza. Ni Kiswahili cha amri na cha chai. Mimi nilisomea Morogoro, nikaja kusoma sheria hapa London, na ofisi yetu ndogo ya mawakili wa ajali za barabarani, iliyo juu ya duka la vitambaa Tottenham, iliniajiri kwa sababu ya mambo hayo mawili. Nilipoanza kazi niliamini kwamba kila mteja anayezungumza Kiswahili atakuwa wangu. Neno "wangu" ndilo nililolifikiria, na sijapata jingine lililo kweli zaidi.

Mteja ninayemkumbuka alikuwa mama wa makamo kutoka Bukavu, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Siku moja akienda kazini alianza kuvuka mahali ambapo barabara ndogo ya pembeni inaingia barabara kuu. Gari la mizigo likakata kona bila kupunguza mwendo, likamwangusha na kumvunja nyonga. Kanuni za barabara za nchi hii zinataka dereva anayekata kona ampishe mtembea kwa miguu anayevuka mahali kama pale, nami nilizishika kanuni hizo kama wengine wanavyoshika dini. Kila kilichonifanya nisome sheria nilikiona katika kesi ile.

Kampuni ya bima ya dereva ilikubali kosa, lakini ilikataa kwamba madhara yalikuwa yanaendelea. Daktari aliyempima alimwuliza hali yake, naye akajibu alivyolelewa kumjibu yeyote anayemjulia hali: "Niko muzuri, Mungu anasaidia." Jibu hilo likaingia katika ripoti, na kwa watu wa bima mama akawa amepona. Bila maelezo yake mwenyewe ya kuonyesha vinginevyo, asingepata fidia ya maana wala matibabu ya mazoezi ambayo mguu wake uliyahitaji.

Wakili mkuu akanikabidhi kazi ya kuyachukua maelezo hayo. Niliandaa maswali kwa uangalifu mkubwa.

"Mama, tafadhali nieleze ni shughuli zipi ambazo huwezi tena kuzifanya kutokana na majeraha uliyoyapata."

"Hapana, Maître," akasema, akiniita kama Wakongo wanavyowaita mawakili. "Ninafanyaka yote."

"Na maumivu?"

"Kidogo tu. Njo maisha," akasema, yaani ndiyo maisha.

Niliuliza tena kwa namna nyingine, akanijibu vilevile, kwa upole, mikono imetulia juu ya mkoba. Ndipo mwenzangu alipoingia na chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mama, kunywa. Huyu anaongea kama taarifa ya habari."

Mama akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Sukari iko, mutoto yangu?"

"Iko mingi. Wewe kwisha konda, mimi naweka tatu."

Wakaanza kuzungumza juu ya binti wa mama, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na juu ya bibi wa Southall, ambaye angemfunza adabu binti huyo kwa wiki moja. Nilikaa na kalamu yangu. Mwenzangu alikuwa akivuruga kila ngeli iliyomjia mdomoni, na yule mama alikuwa akimtazama kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani. Niliona wivu uliokuwa na ladha kabisa, kama sarafu iliyowekwa ulimini.

Mazungumzo yalipokwisha nilimpa mama mkono mlangoni. Mwenzangu akachukua koti lake.

"Mimi nasindikiza mama mpaka kituo ya basi."

Nilikulia katika nyumba ambayo mgeni akishaaga ndipo mazungumzo huanza. Mama yangu aliweza kusimama na jirani yake njia panda hadi wali ukaungua jikoni, na mambo mazito ya mtaa wetu yote yalisemwa pale, watu wakiwa wameshaagana. Hilo nililijua. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba shughuli za ofisi huisha mezani, na uamuzi huo niliuita weledi.

Niliwatazama dirishani. Kituo kilikuwa ng'ambo tu ya barabara, karibu kabisa. Hawakuvuka. Mwenzangu alishuka ukingoni, mama akabaki nyuma, wakasemezana kidogo, kisha wakapanda na barabara hadi kwenye taa zilizo mbele ya kanisa. Walisubiri alama ya kijani hata pale ambapo hapakuwa na gari. Basi lilikuja na kuondoka wakiwa bado njiani. Mama alikuwa ameushika mkono wa mwenzangu kwa mikono yake yote miwili, na mimi, Mungu anisamehe, niliuonea wivu mkono ule.

Alirudi mashavu yamemwiva kwa baridi, akatueleza mimi na wakili mkuu. Tangu ajali, mama havuki popote pasipo na taa. Hushuka basi kabla ya kituo chake na kuzunguka mbali kwa mguu unaomuuma. Hawezi tena kumwinua mzee anayemhudumia. Mke wa mzee ndiye anayemsaidia, kwa siri. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kwamba waajiri wake wakijua watamnyang'anya nyumba anazohudumia, na kazi yake ataipoteza.

"Mbona mimi nilipomwuliza hakusema?"

"Wewe umeuliza na kalamu mkononi. Mimi sijauliza kitu. Nimesema tu twende tuvuke, akagoma."

Wakili mkuu akampa yeye kesi. Nikabakiziwa kuwaandikia waajiri, kuwaeleza wajibu wao wa kisheria wa kumpangia mfanyakazi aliyeumia kazi anayoiweza. Mama alikuwa amesema wazi kwamba hatatia saini maelezo yake kabla hajajua kama ataachishwa. Naamini sijawahi kuandika barua bora kuliko ile. Waajiri walikubali: wakampa wazee wanaoishi katika jengo lake mwenyewe, ambao angewafikia bila kuvuka barabara, na mtu wa pili wa kusaidia kuinua. Akatia saini. Bima ikakubali apimwe upya, na baadaye ikalipia matibabu.

Shukrani zake zilikuja kwa ujumbe wa sauti, katika simu ya mwenzangu. Alimwombea afya na mume mwema. Alimwombea bibi wa Southall, akamsalimia wakili mkuu, akamsalimia hata mpokea wageni wetu. Mwenzangu alikuwa akicheka huku akijifuta macho.

"Unataka kusikia tena?"

"Hapana," nikasema, kisha nikamwomba anitumie.

Niliusikiliza ndani ya basi kwa vipokea sauti, pole pole, nikirudia sehemu zenye kelele za mtaa, endapo ningekuwa nimetajwa humo.