Mkwe Asiyekula Kuku

Mhudumu aliniwekea mezani ugali na sukuma wiki inayoogelea kwenye supu ya ng'ombe. Nikamkumbusha kwamba nilisema sitaki nyama. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Lakini hiyo si nyama, boss. Ni supu tu." Nikamwomba anibadilishie. Akarudi na sukuma nyingine, safari hii imekaangwa na omena, wale dagaa wa ziwani, akajitetea kwamba omena si samaki.

Mchumba wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka.

"Hapa Kisumu unaweza kurudisha sahani," akasema. "Kwetu Kombewa utarudishia nani?"

Nilikuwa nimebakiza siku chache niende kwao kujitambulisha. Kwa kawaida hili si jambo la kumnyima mtu usingizi: unavaa koti, unafuatana na mjomba wako, unakula, unajibu maswali, unarudi. Mimi nilikwama hapo kwenye kula. Nyumba inayompokea mkwe humchinjia kuku, na mkwe asiyemgusa kuku huyo anawaambia wenyeji, bila kufungua mdomo, kwamba anaogopa kulogwa. Baba yake alishawahi kuwarudisha wageni wa posa kwa sababu hiyo, ndugu wa mchumba wa dada yake mkubwa walipokuja na matumbo yaliyoshiba. Posa ile ilifia palepale.

Na mimi ni Mluhya. Mluhya asiyekula kuku ni habari ambayo hata mama yangu mzazi hajaimaliza kuisikitikia.

Niseme sababu mara moja, maana nimechoka kuulizwa ni kanisa gani. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za baridi. Niliitwa Asembo Bay kufungua stoo ya samaki iliyokuwa imekosa stima kwa muda mrefu, jua nalo halikuwa na huruma. Nilifungua mlango ule nikiwa mlaji wa kila kitu. Nilipoufunga, pua yangu ilikuwa imenikatia shauri. Tangu hapo nyama au samaki akipita kooni, tumbo linamrudisha.

Nikajifunza kujilisha. Kuna hoteli za Wahindi katikati ya mji ambako mtu hula dengu na chapati bila kuhojiwa. Nyumbani nilianza kuchipusha ndengu: naziloweka, namwaga maji, nazifunika kwa kitambaa chenye unyevu, nazisuuza asubuhi na jioni. Mkia mweupe ukitoka, nazikaanga na kitunguu na nyanya. Mtu anayeishi peke yake hujikuta anazisalimia asubuhi, na mimi sioni haya kusema nilizisalimia.

Baadaye nikachipusha mbegu za wimbi pia. Nyanya yangu alifanya hivyo: zikishachipuka alizianika, akazisaga, na unga ule ukiongezwa kwenye uji unaufanya uwe mwepesi na mtamu bila sukari. Watoto wote wa boma letu tulikuzwa nao. Nikafikiri, mtu anayekwenda kukataa kuku wa watu asiende mikono mitupu. Nikasaga unga, nikaujaza kwenye kopo safi, nikaamua kwamba ndiyo zawadi ya mama mkwe. Sikumwambia mchumba wangu. Nilitaka apate mshangao, na Mungu ni shahidi, aliupata.

Mshenga wetu alikuwa shangazi yake, dada ya baba, ambaye nyumba nzima ilimwita Waya, yaani shangazi. Kazi ya mshenga ni kujua pande zote mbili, kwa hiyo alipita kwangu mtaani Manyatta aone ninavyoishi. Nilimkaribisha chai. Alikaa, akatazama kitanda, akatazama sinia la wimbi lililofunikwa gunia bichi chini ya dirisha, akavuta hewa puani mara mbili. Chai hakuimaliza. Nilidhani imezidi majani.

Siku ikafika. Sebule ilikuwa imepangwa vitambaa vyeupe kwenye kila kiti. Mzee wa nyumba alikaa karibu na mlango, Waya kando yake, mjomba wangu na mimi ukutani. Mama mkwe hakuonekana. Mkwe na mama mkwe hawaketi kula pamoja, hivyo yeye alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya pembeni, na kupitia dirisha tulisikia sufuria zake. Tukaombewa, tukanawa, na kuku akaja. Alikuwa jogoo, amekatwa vipande vikubwa, mchuzi una mafuta ya dhahabu. Mbele yangu wakaweka paja.

Nilimega ugali nikaushika tu. Mjomba, Mungu ambariki, alikula kwa niaba ya ukoo mzima akidhani macho yatamfuata yeye. Hayakumfuata. Nilihisi jasho likishuka mgongoni chini ya koti la kuazima.

"Kijana," mzee akasema, "mbona huli?"

"Mimi sili nyama, mzee. Tumbo linakataa."

"Daktari amekukataza?"

"Hapana."

"Ni mambo ya kanisa?"

"Hapana, mzee."

Akaweka chini tonge lake. "Sasa hapa kwangu unaogopa nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji. Nikaanza kueleza habari za stoo ya samaki, na katikati nikatambua kwamba ninasimulia uozo watu wakiwa wanakula. Mjomba akanikanyaga mguu. Nikatafuta kitu cha kuniokoa, nikakumbuka kopo.

"Nimemletea mama zawadi," nikasema, nikalitoa kwenye mfuko.

Waya alilipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akasogeza pua, na uso wake ukajifunga.

"Hii ni kimea," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni ya uji."

"Hapana. Mimi nimepika pombe miaka mingi kabla nipate wokovu. Hii harufu huwezi nidanganya nayo." Akamgeukia kaka yake. "Hata kule kwake niliona. Iko chini ya dirisha, amefunika na gunia. Sikutaka kusema kabla nijue."

Mzee hakupaza sauti. Alihesabu mambo polepole, kama mtu anayepanga kuni. "Huyu mtu hali nyama. Hali samaki. Na kwa nyumba ana kimea. Waya, sasa huyu anaishi na nini?"

Jibu walikuwa nalo wote. Kisha akanyoosha mkono dirishani. Nje, karibu na migomba, palikuwa na kaburi la saruji. "Yule ni kijana yangu wa kwanza," akasema. "Mwisho alikuwa hali kitu. Alikuwa anakunywa tu."

Nilijua kwamba mchumba wangu alikuwa na kaka aliyekufa kwa ugonjwa wa ini. Aliniambia hilo na akaishia hapo, nami sikuchimba. Sasa nilimtazama pale mlangoni, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Nikaona kwamba ninampoteza. Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza.

Mchumba wangu akaitwa na mama yake, akaondoka, na nilidhani amekwenda kuambiwa asirudi. Akarudi. Akamwambia baba yake, si mimi, "Mama anauliza kama hiyo uji inaweza pikwa sasa. Hapa, watu wakiona."

Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, kwa hiyo mawe matatu yalipangwa uani na moto ukaletwa kwa kigae. Nikavua koti, nikachutama. Kwanza nikapika uji wa unga wa kawaida mpaka ukawa mzito, kisha nikatia kimea, nikakoroga. Uji ukalegea mbele ya macho yao, jinsi unavyofanya siku zote. Waya alisimama juu ya kichwa changu kama msimamizi wa mtihani. Nikauchemsha tena, nikamimina, nikanywa wa kwanza, ukaniunguza ulimi na sikuonyesha.

Waya akaonja. Akaonja tena. "Ni uji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Mzee akanywa kikombe chake chote akiwa amesimama, akitazama migomba. Hakunisifu. Alisema tu, "Mpelekee mama yako."

Mchumba wangu akabeba kikombe mpaka jikoni. Tukarudi sebuleni kungoja. Paja la kuku lilikuwa bado mbele yangu, mafuta yameganda. Mjomba alitazama sakafu. Mimi nilitazama mlango na kuomba, mimi ambaye husahau kuomba.

Kikombe kilirudi kimejaa. Hakikuguswa.

"Mama anasema anashukuru," mchumba wangu akasema. "Anaamini ni uji. Lakini hawezi kunywa. Hiyo harufu ndiyo ilikuwa kwa nguo za kaka kila siku. Anasema si wewe."

Kisha akaweka mezani bakuli alilokuwa amelishika mkono wa pili, akafunua. Ilikuwa osuga, mboga ile chungu wengine huiita managu, imepikwa kwa maziwa. Mboga hii haipikwi kwa siku moja. Inachemshwa, inatiwa maziwa, inalala, inachemshwa tena siku inayofuata, mpaka uchungu wote unaisha. Aliyeipika alikuwa ameanza kabla sijavaa koti la kuazima, kabla ya kopo, kabla ya swali la mzee. Binti yake alishamwambia kwamba sili nyama, naye akaenda shambani akachuma.

Nilikula bakuli lote. Mzee alinitazama nikila, halafu akanyoosha mkono akalichukua lile paja, akampa Waya.

Tulioana. Ndengu bado nachipusha, ziko dirishani hata sasa ninapoandika. Kopo mke wangu analitumia kuwekea chumvi. Mbegu za wimbi sijaziloweka tena, naye hajawahi kuniuliza kwa nini.