Ramani ya Wimbo wa Makongeni

Kwa miaka ishirini na miwili Dorine Wangechi alichora ramani za nyumba katika ofisi moja mjini Thika. Nyumba nyingi zinazochipuka kule Murera zilipita kwanza chini ya rula yake, na kazi hiyo aliijua kama anavyojua jiko lake. Kilichomshinda ni kwaya.

Mwalimu wa kwaya ya kanisa lao pale Makongeni alikuwa amehama, wazee wakamwomba Dorine aishike. Waimbaji wengi walikuwa watu wa viwandani na mafundi wa ujenzi. Akiwaandikia do-re-mi ubaoni, walimtazama tu, kisha kila mtu akaimba lake. Waimbaji wa besi, sauti ile nzito, ndio waliopotea kuliko wote.

"Mama Becky, usijichoshe," Kyengo, fundi wa mawe aliyeongoza besi, alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye. "Hizo herufi hazinishiki. Nipe ramani, nitakwambia hata ngazi ina vidato vingapi."

Wenzake walicheka. Dorine hakucheka. Jumamosi hiyo alitandaza mezani karatasi kubwa ya kazini, akauchora wimbo aliokuwa ametunga mwenyewe kama anavyochora uso wa jengo. Besi akaifanya nguzo: nguzo ndefu, sauti ya kuvuta, penye uwazi, nyamaza. Sauti za kati akazilaza kama sakafu za ghorofa. Sauti ya kwanza akaipandisha kidato kwa kidato hadi kwenye paa. Kila sentimita mbili, pigo moja.

Kyengo aliipokea karatasi, akapitisha kidole kilichochubuliwa na saruji juu ya nguzo, akaanza kuimba polepole. Alifika mwisho bila kukosea.

"Ai! Kumbe ni hivi tu?" akasema. "Na mlikuwa mnanificha!"

Agosti wakaenda kwenye tamasha la kwaya Ruiru. Kila kwaya ilitakiwa ikabidhi wimbo wake ukiwa umeandikwa. Jaji mkuu, mzee mmoja aliyeitwa Muriithi, aliigeuza karatasi ya Dorine juu chini.

"Madam, umeniletea nyumba. Wimbo uko wapi?"

"Ndio huo, mwalimu. Weka kalamu popote unapotaka, na watu wangu wataanzia hapo hapo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Muriithi akaweka kalamu katikati ya ngazi, mahali ambapo hakuna mtu angependa kuanzia. Dorine akatazama kalamu ilipotua. Akawaonyesha waimbaji mahali penyewe kwenye nakala yao, akainua mkono.

Sauti zote nne zikaingia pamoja, kila moja mahali pake. Jaji akahamisha kalamu hadi kwenye mlango uliochorwa. Wakaimba kuanzia mlangoni. Akaihamisha tena. Kufikia mara ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka, na Kyengo alikuwa amejaza kifua kama jogoo.

Walishika nafasi ya pili. Baadaye Muriithi akamfuata Dorine nje.

"Nani alikufundisha jambo hili?"

"Nyumba, mwalimu."

Akaomba nakala, akaikunja kwa uangalifu asiivunje mistari.

Sasa Dorine ana nyimbo kumi na moja ukutani kwake. Alhamisi jioni kwaya mbili za Ruiru huja kujifunza, na anayewasomesha nguzo ni Kyengo, tena kwa ukali. Dorine hukaa nyuma na kusikiliza, mikono kifuani, akitabasamu peke yake.